Ableton Link: laptopu mbili, mdundo mmoja, bando sifuri

Mi na mwenzangu tunapiga harusi na mikesha hapa Mbeya, laptopu yangu ina Live (programu ya muziki ya Ableton) inabeba kliki ya kushikia mdundo na sauti za nyuma, yake ina Bitwig, programu nyingine ya muziki, anapigia ngoma na besi. Zamani tulikuwa tunaziunga kwa waya wa MIDI (njia ya kizamani ya vyombo vya muziki kupeana ishara) na asikudanganye mtu, ile kloki yake, yaani ishara ya mdundo, ilitutesa. Anayeongoza anatuma vipigo 24 kwa kila biti, mwingine anavihesabu na kufuata, sa laptopu ikizidiwa vingine vinachelewa vingine vinabanana, BPM (biti kwa dakika) inacheza 119, 121, 120 kama sindano ya mzani wa nyanya sokoni Mwanjelwa. Na anayeongoza akizima ndo basi tena, wote mmelala.

Tumehamia Link, kitu cha Ableton kinachounganisha mdundo wa programu za muziki kupitia mtandao, na kwa kweli sirudi nyuma. Hamna bosi humu. Yeyote akibadili tempo wote wanafuata, mmoja akitoka waliobaki wanaendelea. Ni bure, ilitoka 2016, na msimbo wake (code) uko wazi kwa watengeneza programu ndo maana programu kibao zinayo mpaka app za ngoma kwenye simu. Halafu haili bando! Inataka mtandao wa ndani tu, intaneti hata isiwepo.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba haishiki spidi tu, inashika na mwanzo wa baa (kile kifungu cha biti, mara nyingi nne). Mwenzangu akibonyeza play katikati inamsubirisha mpaka biti ya kwanza ya baa ifike ndo anaingia, watu wanadhani tumefanya mazoezi wiki nzima kumbe tumekutana stendi asubuhi ile ile.

Juzi tulikuwa na harusi Tukuyu, mvua ya kule si unaijua, umeme ukakatika katikati ya kuingiza maharusi. Ruta chini, spika kimya, ila laptopu zina betri kila moja ikaendelea kuhesabu kivyake kwenye 104, jenereta ilivyowaka na ruta ikarudi zikaonana tena, MC hata stori yake hakuimaliza.

Sa yaliyoninyima kutoa nyota ya tano. Kwanza play na stop hazifuatani mpaka uwashe kitufe chake kwenye seting, na uwashe kila mashine, tuliambulia aibu mazoezini kila mtu anamlaumu mwenzake. Pili, na hili ndo kubwa, Link haijui mko sehemu gani ya wimbo. Inajua biti na baa basi, we ukirukia kiitikio mwenzio anabaki zake ubeti wa pili, wakati ile MIDI ya kizee ina ujumbe wa kusema tuko baa ya ngapi. Kwa hiyo kupiga laivu safi, ila kurekodi wimbo mzima programu mbili zitembee pamoja toka intro sikushauri. Waliozoea ReWire, njia ya zamani ya kuunga programu mbili za muziki, ndo wataumia, ile ilikuwa inafuata mpaka kwenye wimbo ulipo, ila ilifungwa mwisho wa 2020 na ilikuwa ya kompyuta moja tu.

Waifai ya ukumbi achana nayo, nyingi zinawatenga wageni laptopu hazionani kabisa. Beba karuta kako au waya wa LAN, kwenye faiwoli (ulinzi wa mtandao wa laptopu) uiruhusu Link kabla hujatoka nyumbani, na spika ya bluutuu usiiguse maana inachelewesha sauti halafu utasema Link mbovu.

Nyota 4. Mwenye app ya bure ya Android yenye Link inayokubali simu ya ram ndogo anitajie hapo chini, mpiga tumba wetu anataka kuingia na yeye.