Kitengo cha kamera ya utumbo tulikompeleka Baba: nyota nne

Wengi wakiulizia kipimo cha kamera ya utumbo mpana huuliza bei na kama kinauma. Mimi swali langu lilikuwa jingine: mkishamruhusu, tukiona damu saa nane usiku tunampigia nani? Hospitali hii ya binafsi hapa Dar (jina naliweka kapuni, maana nina malalamiko pia) swali hilo inalijibu vizuri.

Baba ameshapita sabini, mapigo ya moyo yanayumba, anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Wiki moja kabla, nesi alipiga simu akataka atajiwe kila dawa iliyomo ndani, hata ya magoti. Wakawasiliana na daktari wake wa moyo, ndipo warfarini ikasimamishwa siku 5 kabla. Mzee alitaka kuiacha mapema zaidi, akakatazwa: damu ikiganda ni kiharusi.

Vilikutwa vinyama vitatu vilivyoota ndani ya utumbo. Viwili havikufika sentimita 1, vikakatwa kwa kitanzi cha waya bila umeme. Kwa vidogo njia hiyo haiunguzi ukuta wa utumbo, na damu ya kuchelewa huwa nadra. Cha tatu kilizidi sentimita 2, tena upande wa kulia, ambako ukuta ni mwembamba. Daktari alinionyesha picha: maji ya bluu yamedungwa chini yake, kimeinuka kama andazi, kikatolewa vipande vipande, kisha jeraha likafungwa kwa vibanio vya chuma. Vibanio hudondoka vyenyewe na kutoka na choo. Kabla havijatoka, mgonjwa akipelekwa MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) lazima aseme.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Bima ilivikataa vibanio, na habari hiyo tuliipata kaunta, Baba akiwa bado na usingizi wa sindano. Na choo! Watu wamekunywa dawa ya kusafisha tumbo, halafu choo kimoja.

Ila nesi aliyeturuhusu, Mungu ambariki. Alimkalisha Mama akamweleza taratibu: damu inaweza kuja hata wiki 2 baadaye, kigaga kinapobanduka. Asinyanyue ndoo. Diklofenaki asiiguse, magoti yakiuma ameze panadol. Warfarini aanze tarehe aliyoandikiwa. Tumbo likiwa gumu, homa ikipanda au maumivu yakizidi, msingoje kukuche, utumbo unaweza kuwa umetoboka. Mzee alikuwa na harusi Lushoto wikiendi ile, nesi akamwambia:

"Baba, harusi utaiangalia kwenye simu. Wiki hizi kaa karibu na hospitali."

Akanuna, akabaki. Karatasi ya maelekezo ilikuwa Kiingereza kitupu. Mama aliandika yake nyuma kwa kalamu, na hiyo ndiyo tuliyoitumia.

Na damu ikaja kweli, usiku. Simu ilipokelewa na nesi wa zamu, akauliza: rangi gani, ina mabonge, mara ngapi, Mzee anasikia kizunguzungu? Ilikuwa michirizi, mara moja tu. Akasema ikijirudia, au yakitoka mabonge, tuje papo hapo na asile kitu. Asubuhi akapiga mwenyewe kuulizia. Haikujirudia.

Majibu ya maabara yametoka, si saratani. Kwa kuwa kile kikubwa kilitolewa vipande, Baba atarudi baada ya miezi 6 kovu likaangaliwe. Tutaenda palepale, ila safari hii bei ya vibanio nitaiuliza kabla hajavua viatu.