TAHADHARI: "Dawa ya dhahabu" inayouzwa kwa mtungi, Ikolomani mpaka Bondo

Wenzangu mnaosaga mawe Ikolomani, Siaya na hata Migori, kuna mtu anazunguka na pikipiki akiuza maji anayoyaita dawa ya dhahabu. Mtungi wa njano wa lita tano, hauna lebo, shilingi 9,000. Sisi wanne tulichanga tukanunua minne. Mwenye krasha, mashine ya kusagia mawe, bado ananidai.

Alikuja akijua panapotuuma. Zebaki haikamati dhahabu yote. Ile laini kama unga hubaki kwenye mchanga, ndiyo maana wenye matangi ya sianidi, ile kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, wanautaka mchanga wetu hata baada ya sisi kuuosha. Tena zebaki yenyewe inapigwa vita tangu Kenya iridhie Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, na moshi wake tunajua unavyoharibu watu. Basi jamaa akatuambia yake haina zebaki, haina moshi, ni siri iliyoachwa na Wazungu wa Rosterman, mgodi wa zamani wa Kakamega. Siri gani! Njia isiyo na zebaki, ile ya sianidi, ilipewa hataza Glasgow mwaka 1887, hata dhahabu ya Kakamega haijaanza kugombaniwa. Lakini hayo nimeyasoma baada ya pesa kwenda.

Alituonyesha kwa mawe yetu wenyewe, karai letu, maji ya mtoni. Akamimina dawa, akakoroga kwa fimbo yake ya mwanzi, akatupigia hadithi kama nusu saa. Tulipoosha, ukabaki uzi wa manjano ukingoni mwa karai. Tukaupeleka kwa mnunuzi tunayemjua, akachoma, akapima: pointi tatu, yaani gramu 0.3. Akalipa. Hapo ndipo tulipokwisha, maana dhahabu ilikuwa ya kweli.

Alipoondoka, mtungi wa kwanza haukutoa kitu. Tukampigia, akasema mawe yetu yana salfa nyingi, tuongeze dawa mara mbili. (Mjanja huyu: mawe yenye salfa kweli husumbua, kwa hiyo tulimwamini tena.) Kufika mtungi wa tatu, simu ikawa mteja hapatikani.

Mama mmoja anayeoshea karibu nasi ndiye aliyeuliza, "Na kwa nini alikoroga kwa fimbo yake, na mwiko wenu ulikuwa hapo?" Sikuipasua ile fimbo nione ndani, lakini mwanzi una tundu, na tundu likizibwa kwa nta kidogo hubeba chembe za kutosha. Maji ya moto aliyatia yeye pia, akisema yanaamsha dawa. Nta nayo huamka.

Mkiuziwa dawa yoyote, kumbukeni hivi. Sianidi huyeyusha dhahabu ikaingia majini. Huioni tena mpaka uinase kwa mkaa maalumu au unga wa zinki, na kazi hiyo huchukua saa nyingi, hata siku. Zebaki huishika ikawa donge la rangi ya fedha, manjano huyaoni mpaka lichomwe. Yaani dawa ya kweli huanza kwa kuificha dhahabu. Hii ya kumwaga, kukoroga, kisha chembe za manjano zikalala chini, ni zile ambazo karai na maji matupu yangezishika, au zile alizokuja nazo mwenye fimbo.

Mlio na mitungi yake, msiimwage mtoni na msiichanganye na asidi. Hatujui kilichomo. Kama ni sianidi, ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua mtu pale pale aliposimama. Wetu mmoja uliobaki tumeufungia mbali na watoto.

Mtu wetu wa Bondo alifikiwa na jamaa huyo huyo wiki mbili baadaye: pikipiki nyekundu, kofia ya sufu hata mchana wa jua. Yeye tulikuwa tumeshamwonya. Akasaga kipande cha tofali la jiko lake mpaka likawa unga, akamwambia ni mawe ya shimo jipya. Jamaa akamimina, akakoroga, akahadithia. Tofali likatoa dhahabu. Mwenye jiko akamwuliza kama abomoe na ukuta, na yule mtu akawasha pikipiki bila hata kudai karai lake.