Madai ya fidia ya ardhi: dawati la msaada wa kisheria mjini Lamu

Shamba likitajwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwamba litatwaliwa, muda ni mchache mno. Tangazo la kikao cha uchunguzi, kile cha kusikiliza wanaodai fidia, hutolewa angalau siku 15 kabla, na dai la maandishi lifike Tume ya Kitaifa ya Ardhi kabla kikao hakijapita. Hapo ndipo dawati hili linapofaa.

Uzuri wa watu wa dawati ni kuhesabu. Hawaandiki "minazi mingi". Wanapita shambani na mwenyewe, mnazi unaozaa mbali, mche mbali, mkorosho, mwembe, kisima, ua wa makuti, kila kimoja na picha yake. Orodha ya namna hiyo mthamini hawezi kuipuuza kirahisi.

Wasio na hati wasikate tamaa. Katiba ya Kenya iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya 2010, kifungu cha 40(4), inaruhusu anayekalia ardhi kwa nia njema alipwe hata bila hati, na dawati hulitaja jambo hilo kwenye dai. Wengi Lamu hawalijui, na inauma.

Upungufu ni kwenye mirathi. Hati ikiwa bado ina jina la marehemu babu, malipo hukwama, nao wa dawati huulizia jambo hilo mwishoni. Wangeuliza mwanzo! Anzeni kesi ya mirathi mapema.

Wavuvi wanaopoteza bahari wanahitaji wakili wa mazingira. Dawati hili ni la ardhi tu.