SQLAlchemy kwenye mfumo wa akiba na mikopo: uzoefu wangu

Natunza mfumo wa kompyuta wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Umeandikwa kwa Python, data zake zimo katika PostgreSQL, na kila unapogusa hifadhidata hupitia SQLAlchemy. Sikuichagua mimi, niliikuta. Hata hivyo nimeitumia kwa kazi za kila siku, kuongeza kurasa, kutoa taarifa za bodi na, zaidi ya yote, kusaka chanzo cha hitilafu pale makarani wanapopiga simu, na maoni niliyonayo huenda yakamfaa anayefikiria kuitumia au anayehangaika nayo sasa hivi. Ni chombo bora, kilichotengenezwa kwa umakini mkubwa, ila kina tabia moja inayowachosha wengi: hitilafu zake hujitokeza mbali na mahali zilipozaliwa, na asiyelijua hilo atashinda akitengeneza mstari usio na kosa.

Kwa asiyeifahamu, hii ni maktaba ya Python inayokuwezesha kuyashughulikia majedwali ya hifadhidata kama klasi, na mistari yake kama vitu vya kawaida vya Python. Ilianzishwa na Mike Bayer, toleo la kwanza likatoka mwaka 2006, na hutolewa bure kwa leseni ya MIT. Ina matabaka mawili: la chini, liitwalo Core, hutunga SQL (lugha ya kuiagiza hifadhidata) na kusimamia miunganisho, na la juu, ORM, hulinganisha vitu na majedwali. Tabaka la juu likikuelemea unashuka la chini bila kuacha mradi wako, na hata SQL ya mkono inapokelewa.

Tuanze na ukurasa wa mikopo, kwa sababu ndio uliolalamikiwa zaidi. Karani alipofungua orodha ya mikopo inayodaiwa, ukurasa ulizunguka mpaka mwanachama aliyesimama dirishani akauliza kama mtandao umekatika. Mtandao haukuwa na neno. Kodi, yaani maandishi ya programu, ya kusoma mikopo ilikuwa mstari mmoja tu, na ukiupima peke yake ulimaliza kazi kufumba na kufumbua. Nikawasha echo=True kwenye create_engine, mpangilio unaoifanya maktaba iandike kwenye skrini kila SQL inayoipeleka, kisha nikaufungua ukurasa upya. SELECT ya kwanza, yaani ulizo la kusoma data, ilileta mikopo yote. Nyuma yake zikafuatana SELECT nyingine fupi fupi, zinazofanana kwa kila neno isipokuwa namba ya mwanachama mwishoni, hadi skrini ikajaa. Chanzo kilikuwa kwenye kiolezo cha HTML, mahali ambapo hakuna anayetarajia kukuta hifadhidata. Ndani ya kitanzi palikuwa na mkopo.mwanachama.jina, na chini yake kitanzi kingine cha mkopo.wadhamini. Usipoiagiza vinginevyo, SQLAlchemy haileti data za uhusiano mpaka sifa yake iguswe, na kila inapoguswa mara ya kwanza kwenye kitu fulani hupeleka ulizo jipya. Kwa mikopo 300 ya watu tofauti, hayo ni maulizo 601: moja la mikopo, 300 ya wanachama na 300 ya wadhamini. (Mwanachama mwenye mikopo miwili haulizwi mara mbili, kwa kuwa maktaba hukumbuka kitu ilichokwisha kukisoma kwa ufunguo wake msingi, ndiyo maana idadi halisi huwa pungufu kidogo na huwachanganya wanaojaribu kuihesabu.)

Dawa imo ndani ya maktaba yenyewe, ila kuna uamuzi wa kufanya. joinedload huunganisha majedwali kwa JOIN na kuleta kila kitu kwa ulizo moja, jambo linalofaa pale ambapo kila mkopo una mwanachama mmoja tu. Ukiitumia kwa mikusanyo miwili kwa pamoja, yaani mahusiano yenye vitu vingi kwa kila mkopo, mistari huzidishana: mkopo wenye marejesho 24 na wadhamini 3 hurudi ukiwa mistari 72, na mikopo 300 ya namna hiyo ni mistari 21,600, ilhali kilichohitajika ni mistari 300 ya mikopo, 7,200 ya marejesho na 900 ya wadhamini. selectinload kwa upande wake husoma mikopo kwanza, kisha hupeleka ulizo jingine lenye namba za mikopo hiyo ndani ya IN, 500 kwa mkupuo. Nilitumia joinedload kwa mwanachama na selectinload kwa wadhamini, na kwa hesabu ile ya juu maulizo 601 hubaki mawili. Kisha nikaweka raiseload kwa mahusiano yote yaliyosalia, na hicho ndicho kipengele ninachokisifu kuliko vyote: mtu akigusa uhusiano ambao haukuombwa, programu husimama na kutoa kosa palepale badala ya kwenda kimyakimya kwenye hifadhidata. Atakayeongeza safu ya tawi kwenye ukurasa huo ataambiwa siku hiyohiyo na kompyuta yake mwenyewe, wala hatasubiri kuambiwa na karani.

Aina ya pili ya hitilafu huwapoteza hata wazoefu. Session, ambayo nitaiita kikao, haipeleki mabadiliko yako mara moja kama ifanyavyo save ya Django, mfumo mwingine wa Python wa kujengea tovuti. Huyashikilia mpaka pawe na haja, na mojawapo ya nyakati za haja ni pale unapoiomba isome kitu. Tuseme kodi inaandikisha mwanachama mpya ambaye namba yake ya simu inagongana na ya mwingine, na mistari kadhaa baadaye kuna SELECT ya kutafuta jina la tawi. IntegrityError, kosa la kukiuka masharti ya hifadhidata, itatokea kwenye SELECT hiyo ya tawi. Anayesoma mstari uliotajwa tu atalikagua jedwali la matawi asubuhi nzima na hataona kitu, kwa sababu kosa liko kwenye jedwali la wanachama na limesubiri hapo tangu kikao kilipopokea kitu kipya. Kwa haki ya watengenezaji, ujumbe wa kosa hulisema jambo hilo kwa kutaja neno autoflush, yaani kikao kupeleka mabadiliko chenyewe kabla ya kusoma. Ukiliona, achana na mstari uliotajwa na urudi juu kuangalia ni nini kiliongezwa au kubadilishwa kabla yake. Mimi huita session.flush() mara tu baada ya kuongeza kitu chenye masharti ya upekee, na kosa likiwepo huanguka mahali pake.

Na mtu akilimeza kosa hilo kwa try na except bila kuita rollback (kutengua muamala ulioshindwa), kila kazi itakayofuata kwenye kikao hichohicho hupata PendingRollbackError. Jina hilo likijaa kwenye kumbukumbu za seva, mimi huyaruka yote na kutafuta kosa la kwanza kabisa lililoyatangulia, maana hayo mengine ni mwangwi wake tu.

DetachedInstanceError ni ya ukoo huohuo. Karani anapokea rejesho, kodi inaita commit (kuthibitisha muamala), kikao kinafungwa, kisha kitu cha rejesho kinakabidhiwa kwa sehemu inayochapisha risiti. Kwa kawaida yake, commit hubatilisha thamani zote zilizokuwa zimeshikiliwa ili zisomwe upya, kwa hiyo sehemu ya risiti inapouliza rejesho.kiasi hakuna tena kikao cha kuisomea, na lawama huangukia mstari wa kuchapisha. Wengi hukimbilia expire_on_commit=False. Si vibaya, na kwa wanaotumia asyncio, njia ya Python ya kuendesha kazi nyingi kwa kupokezana, ndivyo mwongozo wenyewe unavyoshauri, lakini kwenye fedha napendelea thamani za risiti zikusanywe kikao kingali wazi, ili kinachochapishwa kiwe kile ambacho hifadhidata imekithibitisha.

Hitilafu iliyonikera kuliko zote ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ambazo marejesho huingia kwa wingi kupitia simu. Makarani walipata ujumbe kwamba akiba ya miunganisho (pool), yaani njia za kuifikia hifadhidata zinazowekwa tayari, imekwisha: 5 ya kudumu, 10 ya ziada, na sekunde 30 za kusubiri zimepita. Hizo ndizo namba ambazo maktaba huja nazo. Anayeupata ujumbe huo ni mwathirika tu, kwani amefika mlangoni wakati miunganisho yote imeshikwa na wengine, na kufuatilia kodi yake hakufiki popote. Pa kuangalia ni kwenye PostgreSQL yenyewe, katika pg_stat_activity, ambako niliona safu ya hali ikiwa imejaa maneno idle in transaction, yaani miamala imefunguliwa na imekaa bila kufanya lolote. Ulizo la mwisho la kila mmoja wa miunganisho hiyo lilikuwa lilelile, la kusoma mkopo kabla ya kulipa. Kazi ile ilisoma mkopo, ikaiita huduma ya malipo ya simu, ikasubiri jibu, na wakati wote huo ilikuwa imeshika muunganisho usiotumika. Huduma ya malipo ikichelewa, foleni nzima inachelewa nayo. Niliigawa kazi hiyo: kwanza malipo yanaandikwa kwa hali ya kusubiri na commit inapigwa, kisha huduma ya malipo inaitwa bila kikao chochote, na jibu likirudi kinafunguliwa kikao kipya cha kulirekodi.

Ushauri unaotolewa sana, wa kuongeza pool_size (idadi ya miunganisho ya kudumu), unahitaji hesabu kwanza. Kila mchakato wa seva una akiba yake, hivyo michakato 8 yenye miunganisho hadi 15 kila mmoja inaweza kudai 120, wakati PostgreSQL huja ikiruhusu 100, na 3 kati ya hizo hutengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu. Unahamisha tu mahali pa kugongea ukuta. Kwa wanaotumia MySQL kuna la ziada: seva hiyo hukata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, ambazo ni saa 8, na anayeumia ni mtu wa kwanza kufika kazini asubuhi. pool_pre_ping=True hulimaliza kwa kuupima muunganisho kabla ya kuutoa.

Baada ya hayo yote kuna kosa lisilotoa ujumbe wowote, na kwenye mfumo wa fedha ndilo la kuogopwa. Kodi inayosema akaunti.salio = akaunti.salio + 50000 inasomeka vizuri, lakini inachopeleka ni namba iliyokwisha kokotolewa ndani ya Python. Makarani wawili wakiweka fedha kwenye akaunti moja kwa wakati mmoja, wote wawili huanza na salio la zamani, wa pili huandika juu ya wa kwanza, na shilingi 50,000 hazionekani. Ukiandika Akaunti.salio + 50000, kwa klasi badala ya kitu, SQL inayotoka inaiagiza hifadhidata ijumlishe yenyewe, na tatizo linakwisha. Pale ambapo lazima usome kwanza ndipo uamue, kwa mfano kuangalia kama salio linatosha kabla ya kutoa, with_for_update huufunga mstari mpaka muamala uishe. Ipo pia version_id_col, safu ya namba ya toleo la mstari, ambayo humkatalia aliyechelewa kwa StaleDataError. SQLAlchemy ina vifaa hivyo vyote, ila haitakukumbusha kuvitumia.

Usiendeshe majaribio ya mfumo kwenye SQLite, hifadhidata nyepesi ya faili moja, kisha ukafanya kazi halisi na PostgreSQL. SQLite haisimamii funguo za kigeni mpaka uiamuru kwa PRAGMA, haina aina halisi ya desimali, na with_for_update kwake haina athari, kwa hiyo majaribio yanaweza kupita yote na kosa likabaki.

Alembic, chombo cha mwandishi huyohuyo cha kubadilisha muundo wa majedwali, kinasaidia sana, lakini ukibadilisha jina la safu kitadhani umefuta moja na kuongeza nyingine, na faili litakalotoka litafuta data zilizomo. Lisomwe kila mara kabla ya kuendeshwa.

Mwongozo rasmi ni mrefu, uko kwa Kiingereza pekee, na unamtaka msomaji awe anaijua SQL. Yeyote anayetafuta ORM ili aikwepe SQL atakata tamaa mapema, na huyo ningemwelekeza kwa Django, hasa kama mradi wake ni wa tovuti. Kilichonifaa zaidi humo ni ukurasa wa hitilafu, kwani makosa mengi huja na kiungo chenye msimbo kinachokupeleka moja kwa moja kwenye maelezo yake. Kwa mfumo wenye majedwali mengi, taarifa ngumu na fedha za watu, sioni sababu ya kuiondoa.

Anayeanza leo aanze na toleo la 2.0, iliyotoka Januari 2023, na achuje mifano anayoikuta mtandaoni: yenye session.query ni mtindo wa zamani, yenye select ndiyo ya sasa. Aliyebaki kwenye 1.4 anaweza kuweka SQLALCHEMY_WARN_20=1 kwenye mazingira ya seva ya majaribio, na kila sehemu ya kodi itakayokataliwa na toleo jipya itatajwa kabla hajahama.