Balbu za LED za T5 kwenye dashibodi ya pikipiki: nzuri, ila indiketa ina mambo yake

Kwa taa ya nyutro na mwanga wa spidomita, balbu hizi ndogo za volti 12 (T5 ni saizi ya balbu) hazisumbui: zima swichi, vuta soketi ya mpira, chomoa ya zamani, chomeka. Isipowaka, igeuze, LED nyingi zina chanya na hasi. Nyeupe nyuma ya kioo cha kijani hupauka, afadhali LED ya kijani.

Shughuli ipo kwenye indiketa. Dashibodi yenye taa moja kwa pande zote mbili huiunganisha kati ya waya wa kushoto na wa kulia, na umeme hurudi kupitia balbu za upande uliozimwa. Hapo LED, kwa kuwa hupitisha umeme kuelekea upande mmoja tu, itawaka kwa indiketa ya upande mmoja pekee. Dawa ni dayodi mbili za 1N4007 (vifaa vidogo vinavyopitisha umeme kuelekea upande mmoja tu), moja kila waya, mstari uliochorwa kwenye dayodi ukielekea LED, kisha hasi ya LED ifungwe kwenye chesisi.