Miaka mitatu kwenye klabu ya treni ndogo Malindi, uzoefu wangu

Naipa nyota nne kwa tano. Ile ya tano nimeizuia kusudi na sababu ntaitoa huko chini, manake washaniuliza watu kibao hapa mjini hii klabu ya treni za mfano ikoje, ni ya watoto ama ya wazee, yala pesa ama haili, na kila nikianza kueleza barazani mtu ashanikatiza, "treni, Malindi?", akacheka na mazungumzo yakaisha hapo hapo.

Ndio, Malindi. Najua hatuna reli. Ukitaka treni ya kweli wenda Mombasa, kilomita kama 120, halafu usogee mpaka Miritini, na watoto wengi wa mitaa yetu ya Barani na Kisumu Ndogo treni waijua kwa simu tu. Lakini sisi tumekaa na Wataliano miaka mingi na Mtaliano mzee hakosi sanduku lake la siri. Mzee mmoja upande wa Casuarina alikuwa afunga nyumba arudi kwao, akamwachia soja wake makasha matatu ya treni ndogo za viwanda vya kwao, Rivarossi na Lima, vichwa vya treni, mabehewa, reli za kuunganisha, transfoma, kila kitu. Yule soja hakuuza. Mpaka leo hajatwambia kwa nini hakuuza, na angepata hela nzuri tu, aliita vijana wawili watatu wa mtaani wakapanga reli sebuleni kwake na klabu ikaanza hivyo. Sai tuna watu wa Watamu, Mambrui, Kilifi na wawili wa Mombasa wanaopanda matatu kuja.

Mimi niliingia nikalipa 200 ya mwezi wa kwanza nikidhani ntapewa kidude cha kuendeshea. Nikapewa mswaki mkuukuu na kopo la spiriti. Wallahi. Jumamosi nne za kwanza kazi yangu ilikuwa kusugua reli tu, na nlikuwa nshaanza kununa mpaka Fundi (twamwita hivo, ni mtu wa kutengeneza redio) akanikalisha chini akanieleza kwamba hizi treni hula umeme wa reli zenyewe, volti 12, reli moja chanya na ya pili hasi, magurudumu ndio yachukua moto kuupeleka kwa mota. Sasa hewa yetu ya chumvi, hasa kusi ikishika, zile reli za shaba za zamani wiki haiishi zishapiga weusi, na pale penye weusi treni yasita, yakohoa, yasimama. Reli za kisasa ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, Wazungu waziita fedha ya nikeli na fedha yenyewe haimo hata chembe, hizo zavumilia zaidi ila ukisikia bei yake utarudi kwa mswaki.

Kisa kingine cha hewa na ardhi yetu ni mchanga. Kando ya reli hutiwa kokoto ndogo ndogo ili ifanane na reli ya kweli, basi kijana mmoja wa Mambrui akaja na kifuko cha mchanga wa pwani ya kwao, unang'aa, mzuri, tukaumwaga na gundi tukafurahi. Wiki ya pili kichwa kimoja cha Lima kikaanza kulia kama paka. Kukifungua, mota imejaa unga mweusi. Ule mchanga una chembe nyeusi zinazovutwa na sumaku, na ndani ya mota mna sumaku, si umeona mambo. Hebu chukua sumaku ya spika mbovu uipitishe kwenye mchanga wa huko Sabaki uone itakavyoota ndevu. Siku hizi mchanga wowote ukija lazima upitishiwe sumaku mara tatu, na hiyo ni kazi ya mtu kukaa chini saa nzima hana mbele hana nyuma, hakuna anayempigia makofi.

Haya, kwa wale wa vipimo. Tunatumia HO, yaani kitu kimoja kimepunguzwa mara 87, mtu mzima anakuwa kama sentimita mbili hivi. Upana wa reli ni milimita 16.5. Na hapa kuna kitu kilichonifurahisha sana, reli ya SGR ya Mombasa Nairobi ina upana wa milimita 1435, ukigawa kwa 87 yaja 16.5 hivi. Kwa hiyo reli za yule mzee Mtaliano zawafaa Madaraka Express bila kukata kitu. Lakini ile reli ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901 ni ya mita moja, ukiigawa yataka reli ya kama milimita 12, na hizo hatuna. Hapo ndipo klabu iligawanyika pande mbili na mpaka leo hawajapatana. Wazee wanataka zile Garratt za class 59 za reli hiyo ya zamani, vichwa 34 vya mvuke vilivyotengenezwa Manchester na Beyer Peacock 1955 na 1956, tani 252 kila kimoja, boila katikati, mitungi na magurudumu mbele na nyuma, kila kimoja na jina la mlima. Vijana wanasema twende na SGR kwani reli ipo. Mimi nliwaambia nyote mwagombania stesheni na ukuta wa chumba unavuja, wakaninyamazia.

Reli yetu haikai pahali pamoja, imekatwa vipande vya plaiwudi, kila kimoja urefu wa sentimita 120, kila mwanachama au watu wawili wana chao, na vyote lazima viishe kwa kimo kimoja na waya za rangi moja ili siku ya maonyesho vikiungwa treni ipite kwa wote. Kipande changu kina nyumba za mawe, makuti, na mashua mbili ufuoni. Hii habari ya kipimo kimoja si yetu, chama cha treni ndogo cha Marekani, NMRA, kilianzishwa Milwaukee 1935 kwa shida hiyo hiyo, kila kiwanda kilikuwa kikifanya lake na gurudumu la huyu halipiti reli ya yule. Hata zetu za Rivarossi za zamani magurudumu yake yana midomo mirefu, ukiziweka kwenye reli nyembamba za kisasa zagonga misumari takatakatakataka mpaka mwisho.

Na ukipewa zawadi uliza kwanza. Mtu alitupa kichwa cha Märklin, kiwanda cha Wajerumani, kizito, kizuri, tukakiweka relini mbele ya wageni na transfoma ikakata pale pale. Tukajaribu tena, ikakata. Kumbe Märklin wana mfumo wao wa reli tatu, magurudumu yao ya kushoto na kulia yameungana, ukiweka kwenye reli mbili kama zetu ni kama umelaza msumari juu ya reli zote mbili. Sasa kiko kwenye kabati la vioo, ndio kitu chetu cha maana na hakijawahi kutembea hata hatua.

Sasa nije kwa uongozi, manake watu hawaniulizi hili na ndio la kuuliza. Hapa hakuna anayelipwa. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mtu mwema, watoto wanampenda, sina ubaya naye kabisa, ila alikuwa na kila kitu yeye. Ufunguo wa chumba kwake, mmoja tu. Michango inaingia kwa M-Pesa ya laini yake. Namba za walimu wa shule tunakoenda kuonyesha, kichwani mwake. Basi tukawa na maonyesho Jumamosi kwenye shule moja, Alhamisi akapata msiba Tanga, akaondoka usiku, na simu yake ikivuka mpaka haipatikani. Ijumaa jioni tuko nje ya mlango watu saba, tuktuk mbili zinangoja, vipande vyote viko ndani. Fundi akatoa bisibisi akang'oa tumbuu la mlango, na hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye klabu yetu wenyewe, kama wezi.

Maonyesho yenyewe yalikuwa vituko. Kipande cha Watamu kilivunjika kona kwenye tuktuk, stima ikakatika saa tano asubuhi watoto wakiwa wamejipanga foleni mpaka uwanjani. Nikaona imekwisha. Lakini yule soja, mwenye klabu hasa ukitaka kusema kweli, akawaambia watoto wasukume mabehewa kwa kidole, mmoja mmoja, toka stesheni hii mpaka ile, akiwapigia filimbi kwa mdomo, na wale watoto walifurahi kuliko siku yoyote ya stima. Stima iliporudi hakuna aliyetaka kutoa kidole.

Mwenyekiti aliporudi tukaitana. Alikubali haraka tu, nafikiri alikuwa ashachoka na yeye. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa nikatoka kuswali, kurudi nshakuwa katibu wa shughuli. Hakuna aliyeniuliza. Nilichofanya ni vitu vidogo: funguo tatu, moja kwa mtu asiyesafiri. Laini ya klabu, na meseji zake zinasomwa na watu wawili. Daftari la zamu, nani anafagia, nani anasugua reli, nani anabeba vipande, nani anakaa na watoto wasiweke vidole kwenye swichi. Miezi miwili ya kwanza walinitukana, wakisema nimeleta mambo ya ofisini. Wawili walihama kabisa, walikuwa wazuri wa kuendesha lakini ufagio kwao ulikuwa ni matusi. Sai tumeenda shule tano na hatujang'oa tumbuu tena.

Safari pia ziko. Mwaka jana tulipanda SGR kwenda Nairobi kuona makumbusho ya reli, kila mtu kajilipia. Iko pale Garratt yenyewe, 5918 Mount Gelai, na mzee wetu mmoja aliyefanya kazi Kilindini ujanani alisimama karibu yake na mkono kwenye gurudumu hataki kutoka, tukamwacha. Liko pia lile behewa ambalo simba aliingia usiku pale Kima mwaka 1900 akamtoa Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli. Watoto walitaka kujua tu dirisha gani.

Sasa ile nyota ya tano. Tuna mama mmoja wa Maweni, siku za maonyesho na za mikutano ndiye yuwaja na mahamri na mbaazi, chai ya maziwa, na hatulipishi ila gharama. Huyo huyo ndiye aliyeshona mahema ya soko letu dogo, aliyepaka nyumba zote za mawe ikiwa na yangu, na ndiye anayechuja mchanga kwa sumaku. Kwenye kamati hayumo. Nikileta jina lake naambiwa, "lakini yeye haendeshi." Nikawasomea kwamba hao NMRA wana mpango wa vyeti vyenye mafungu 11 yaliyogawanywa pande nne, kuna cha kujenga vichwa, kuna cha mandhari, cha umeme, na kimojawapo ni cha kujitolea kukitumikia chama, ukipata saba kati ya hizo kutoka pande zao zote nne wakuita fundi mkuu wa treni ndogo, na kile cha kujitolea chahesabiwa sawa na kile cha kujenga injini. Wakacheka. "Cheti cha kupika mahamri?" Mimi sikucheka, na yeye alikuwa pale pale akimimina chai. Uchaguzi ni mwezi ujao baada ya Ramadhani na nshamwandika, wakimkata jina tena ntarudi hapa nipunguze nyota nyingine.

Kwa anayetaka kujiunga: ni 200 kwa mwezi, mwanafunzi 50. Usinunue treni kwanza, za klabu zipo, na ukinunua bila kuuliza utaniletea Märklin nyingine. Kama wewe wataka kuja kukaa uendeshe uondoke, hapa patakuchosha. Kama una mtoto msumbufu anayefungua fungua redio za nyumbani, mlete, Fundi atamshika. Wasichana wapo wanne na mmoja ndiye hodari wetu wa swichi, mtu mzima ukichelewesha mzigo wako stesheni anakufokea. Twakutana Jumamosi saa kumi baada ya alasiri, Ramadhani tunahamia baada ya tarawehe. Chumba kina joto, feni ni moja na imewekwa upande wa transfoma, sio upande wa watu.

Njoo na mswaki wako wa zamani. Ya klabu imebaki miwili na mmoja hauna nywele.