Fundi wa pembe wa Kibera: alinikatia pembe za upinde, na huu mwaka wa pili bado zimeshika

Nimengoja zaidi ya mwaka kabla ya kuandika haya maoni, na nimengoja makusudi, juu kazi ya fundi wa pembe huwezi kuijua siku ya kulipa. Unaijua siku ile unavuta upinde mpaka kidevuni na pembe inabaki pale pale uliipiga gundi. Zangu zimebaki. Nimeshapiga na huo upinde mishale kama mia nne hivi tangu Januari na sijasikia mlio wowote mbaya, basi sasa naweza kuongea.

Kwa wale hawajakutana na hii kitu, upinde wa pembe si kama ule wa babu yangu kule Kitui. Wa babu ulikuwa mti mmoja, mrefu, umechongwa ukakaushwa ukafungwa upote, ile kamba ya kuvutia, basi. Huu ni wa Waturuki, Wamongolia, Wakorea, watu wa farasi, mfupi na umejikunja kinyume hadi ukitoa upote unarudi nyuma kama mdudu amelala. Tumboni, yaani upande unakutazama wewe mpigaji, kuna ubao mwembamba wa pembe. Katikati kuna mti. Mgongoni, upande unaoangalia shabaha, kuna kano za mnyama zimepangwa na gundi. Ukivuta, pembe inabanwa na kano zinanyooshwa, na kila moja inafanya ile kazi inaiweza zaidi, mti katikati unazishikanisha tu. Ndio maana kitu kifupi hivo kinarusha mshale vile kinarusha. Na si mambo ya juzi, hata kwa lile kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lililogunduliwa 1922 zilitolewa pinde za namna hii.

Sasa shida ya kuutengeneza ukiwa Nairobi ni pembe. Mafundi wa huko Asia wanatumia pembe ya nyati wa maji, yule wa kufugwa, wa mashamba ya mpunga. Sisi tuna nyati wetu lakini huyo usimguse kabisa. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya 1977 na kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 ukipatikana na pembe yake bila kibali hiyo ni kesi ya nyara. Kuna jamaa aliwahi kuniambia ati ako na pea nzuri sana kutoka kwa mtu wake, nikamwambia asante, abaki nayo.

Kwa hivyo ni ng'ombe. Na si kila ng'ombe, juu pembe nyingi za hapa ni fupi na zingine zinabambuka kama maganda ya kitunguu. Unataka Ankole, wale wa Uganda wenye pembe kubwa, ukikata ule upande wa nje wa mkunjo unapata ubao wa sentimita 45 bila kulazimisha.

Kabla sijaenda Kibera nilipitia karakana nyingine, sitaitaja jina, 2022 hiyo. Niliwapa pembe zangu mwenyewe, wakazinyoosha juu ya moto wa gesi moja kwa moja, nyumba nzima ikanuka nywele zilizoungua, si pembe na nywele na kucha ni kitu kimoja. Halafu wakazing'arisha kwa mashine na nta mpaka zikawa kama kioo. Mimi nikafurahi. Nikazipiga gundi, nikaweka kano, nikangoja miezi minane, na siku ya kwanza nimeuvuta nusu tu pembe ikabanduka PAAH kama mlango umepigwa na upepo. Nilikaa chini na kile kipande. Upande wa gundi ulikuwa bado unang'aa, hakuna hata alama, gundi haikuwa imeingia popote. Nta. Na ule moto wa gesi ulikuwa umeifanya pembe kavu hadi pembeni ina nyufa ndogo ndogo. Miezi minane, na kano zote zile nilichambua kwa mkono, zikaishia kwa ndoo ya takataka. Iliniuma sana na bado ikiniingia akilini inaniuma.

Sasa huyu mzee wa Kibera. Unatoka soko la Toi unashuka, kuna hao mafundi wengi wa mifupa na pembe, wanatengeneza hereni, bangili, vijiko, vifungo vya nguo, wengi mnavaa kazi zao na hamjui imetoka wapi. Nilizunguka kwa watatu. Wawili waliniuliza nataka rangi gani. Huyu wa tatu aliniuliza, "Itabeba nini?" Nikajua nimefika.

Nilimuonyesha kile kipande kilibanduka. Akakishika, akapitisha kucha ya kidole gumba upande wa gundi, akanusa, akasema, "Hii waliichoma, kijana. Na wakaipaka mafuta juu." Sikuwa nimemwambia kitu bado.

Alileta pembe sita za Ankole kutoka nyuma. Kila moja aligonga kwanza kwa kifundo cha kidole, kama vile mama anachagua tikiti maji, akisikiliza. Mbili akaziweka kando bila kusema. Halafu akawasha tochi ya simu akaiingiza ndani ya pembe, akaizungusha polepole. Kama hujawahi kuona pembe nyeusi ikimulikwa kutoka ndani, kuna mahali inakuwa rangi ya chai ya rangi, na kama kuna ufa unauona ni mstari mweusi mwembamba kama unywele. Moja ilikuwa na huo mstari karibu na shina. Mimi singeiona hata kwa jua la mchana. Akaniambia hiyo itafanya vifungo vizuri lakini upinde itaua, na hakujaribu kuniuzia hata kwa bei ya chini. Tulibaki na tatu, tukachagua mbili zinazolingana.

Kunyoosha pia alifanya tofauti. Hakuna moto. Aliziloweka maji siku kadhaa, akakata mbao kutoka upande wa nje kwa msumeno wa mkono, akazichemsha kwa sufuria kubwa mpaka zikawa laini, akazibana katikati ya vyuma viwili vya bapa kwa jiliwa na kuziacha hapo mpaka kesho yake zipoe zikiwa zimebanwa. Ukitoa mapema inarudi mkunjo wake. Nilikaa naye hiyo siku ya kuchemsha, nikamuelezea Istanbul kuna mtaa unaitwa Okmeydanı, maana yake uwanja wa mishale, na Waosmani, wale Waturuki wa zamani, walikuwa wanasimamisha nguzo za mawe kuonyesha mshale wa nani ulifika wapi, mamia ya mita. Akasikiliza yote, halafu swali lake lilikuwa moja tu, hizo pembe zilikuwa za mnyama gani.

Kitu muhimu kabisa, na hapa ndio watu watakosea wakienda: mwambie ASING'ARISHE. Hawa mafundi mkono wao umezoea kumaliza kazi ikimeremeta. Huyu nilipomwelezea akashangaa kidogo, akauliza "sasa nikupe kitu mbaya hivi?" lakini alielewa nilipomwambia gundi inataka mahali pa kukamata. Akachukua kipande cha jino la msumeno wa chuma akakwaruza mifereji mirefu kutoka mwisho hadi mwisho, imenyooka, imekaribiana, mimi nikaja kukwaruza mti wangu vile vile ili meno yaingiliane. Waturuki wana chombo chao maalum cha hiyo kazi. Mzee alifanya na jino la msumeno na ikatoka safi.

Pea moja alinitoza 4,500, pembe zake, kazi yake. Nililipa nusu kwa M-Pesa mwanzo na nusu nikichukua.

Yaliyobaki nilifanya mwenyewe. Mti wa katikati niliweka mwanzi vile Wakorea wanafanya, na zile ncha ngumu za mwisho nikatumia mforosadi, pia ni ya Wakorea hiyo. Kano nilitoa soko la nyama la Burma, zile nene za miguu ya nyuma. Yule muuza nyama alikuwa ananiuliza kila wiki, "Kastama, hii supu yako ni ya aina gani?" juu watu wanachukua mguu mzima, mimi nataka kano peke yake. Unazikausha hadi ziwe ngumu kama kijiti cha plastiki, unazigonga na nyundo ya mti polepole zipasuke, unavuta nyuzi moja moja. Vidole vinaisha. Nilitumia kama gramu 250 za nyuzi kavu, na hiyo ni jioni nyingi sana.

Gundi ya pembe na mti nilichemsha mabondo ya mbuta, lile fuko la hewa la samaki. Nilipata kidogo soko la Gikomba na si rahisi kuyapata maana yote yanakimbilia soko la China na bei imepanda vibaya. Gundi ya kano ilikuwa ya mabaki ya kano zenyewe na ngozi. Usiiache ichemke, nyuzi joto 60 hivi basi, ikichemka nguvu yake inaisha.

Pembe niligundisha Januari 2024 kukiwa kukavu, kano za kwanza Februari, za pili Machi. Halafu ile mvua ya Aprili ikaja, mnaikumbuka, Nairobi yote ilikuwa maji. Hii gundi haipendi unyevu hata kidogo, ndio maana Wakorea wanaziweka pinde zao kwa kabati ya joto. Mimi nilitengeneza sanduku la mbao na balbu moja ya zile za zamani zinazotoa joto, na stima ikipotea nilikuwa naamka usiku nashika upinde kwa mkono kuona kama kano zimelainika. Ziliponea. Zikavuta zikikauka, zikaukunja upinde nyuma zaidi, na pembe ya mzee haikuachia hata mahali pamoja. Nikauacha ukae mpaka Januari 2025 ndio nikaufunga upote mara ya kwanza. Kwa mizani ya kuning'iniza unavuta kilo 20 na kidogo.

Sasa lawama, maana ziko. Aliniahidi Alhamisi na nilichukua baada ya wiki mbili na nusu, na simu hashiki akiwa na oda kubwa ya hereni. Upana wa mbao moja ulikuwa umepungua kama milimita tatu kuelekea ncha, nilirekebisha na tupa lakini ilinibidi nipunguze na ile nyingine zilingane. Na ile karakana, jamani, vumbi ya pembe iko kila mahali na vijana wake wanakata bila kufunika pua. Nilimwambia. Vumbi ya pembe si ya kuvuta siku nenda siku rudi. Mara ya pili nilienda na boksi ya barakoa na niliona mbili tatu zimevaliwa, nitaendelea kubeba.

Lakini kazi yenyewe, pembe yenyewe, sina neno. Wakati nilimpelekea upinde umekamilika hakuuvuta. Aliugeuza tumbo juu, akafuata ule mstari wa pembe na mti kwa kidole gumba, pole pole, kutoka ncha moja hadi kwenye mshiko, akapumzika kidogo, akaendelea hadi ncha ya pili. Halafu akamwita kijana wake mdogo aliyekuwa anatoboa vifungo, akamwambia, "Njoo uguse hapa. Tafuta mahali inaanzia." Kijana akatafuta na kidole, akatikisa kichwa.

Ukienda, beba kipimo chako kimechorwa kwa kadibodi, urefu, upana, unene wa milimita 5 ili ubaki na ya kupunguza, usimwambie kwa mdomo tu. Jumapili hayuko. Asubuhi ni nzuri kuliko jioni juu ya mwanga. Pembe ya mwitu usimpelekee, atakufukuza, na ako na haki.

Pea ya pili nimeshaagiza, ya upinde wa dada yangu, huo tunautaka mwepesi, kilo 14 hivi. Mzee ameshanipigia kuniambia amepata Ankole mbili za mnyama mmoja, kulia na kushoto, na ameziweka kwa maji.